Uliza Kocha: Ziba mikono, tazama miguu

Barua za mwezi huu karibu zote zinagombania jambo moja: bondia mkubwa anazaliwa au anafundishwa. Nimeanza na ya Tanga kwa sababu imekuja na majina ya watu, na mimi napenda mtu anayebisha kwa majina.

Shikamoo Kocha. Hapa kijiweni kwetu Ngamiani tumegawanyika. Kundi moja linasema Roy Jones Jr ndiye aliyekuwa bora kuliko wote wa zama zake kwa sababu ya kipaji, mtu ambaye hakuhitaji hata kufundishwa. Sisi wengine tunasema Bernard Hopkins, kwa sababu ya ufundi, na tunawakumbusha kwamba Hopkins alimpiga Jones. Wao wanajibu kwamba Jones ndiye aliyeanza kumpiga. Tuamulie, maana sasa watu wananyimana hata kahawa. — Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nyote mna ukweli nusu nusu. Jamaa hao walikutana mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Mei 22, 1993, uwanja wa RFK mjini Washington, wakiwania mkanda wa IBF, moja ya mashirikisho ya ngumi ya dunia, wa uzito wa kati uliokuwa hauna mwenyewe. Jones alikuwa na miaka 24, Hopkins 28. Jones alishinda kwa pointi, majaji wote watatu wakaandika 116 kwa 112. Mara ya pili ni Aprili 3, 2010, Las Vegas. Jones ana miaka 41, Hopkins 45, na safari hiyo Hopkins alishinda waziwazi katika pambano baya la kukumbatiana na kupigana visogoni. Msihangaike kulitafuta.

Sasa, anayeshika la 2010 aseme ufundi umeshinda kipaji anawapiga chenga. Jones wa mwaka ule hakuwa na kipaji cha kushindwa, kilishaondoka siku nyingi. Na anayeshika la 1993 anasahau kwamba Hopkins alikuwa bado anajifunza kazi. Alitoka gereza la Graterford kule Pennsylvania baada ya kukaa karibu miaka mitano, akaanza ngumi za kulipwa Oktoba 1988, na pambano lake la kwanza kabisa alipoteza.

Mimi nina kipimo changu na hakina gharama. Tafuteni pambano la Jones na James Toney, Novemba 18, 1994. Halafu chukueni gazeti mzibe nusu ya juu ya skrini, msione mikono wala sura. Tazameni miguu tu, kwa raundi mbili tatu.

Mtaona mtu anaruka. Miguu yote miwili inaacha sakafu, na anapotua mbele ya Toney konde la kushoto limeshafika. Hakutanguliza jebu, lile konde la haraka la mkono wa mbele. Hakusogeza mguu wa mbele kwanza ili wa nyuma umfuate. Kijana akinifanyia hivyo hapa Mwananyamala namshusha ulingoni akaruke kamba mpaka akili imrudie, kwa sababu ukiwa hewani huna pa kukanyagia. Ukikosa, unatua miguu ikiwa pamoja, kidevu kiko nje, na mwenzako yuko chini anakungoja.

Toney naye hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa bingwa wa IBF wa uzito unaofuata juu ya ule wa kati, hajapoteza pambano hata moja, fundi wa kukaa karibu na kuacha makonde yateleze begani. Katika raundi ya tatu Jones alishusha mikono akamnyooshea shingo kwa mtindo wa majogoo aliokuwa akiwafuga kwao Pensacola. Toney akamuiga kwa dharau. Kabla hajamaliza kuiga alikuwa ameegemea kamba anahesabiwa. Ondoeni gazeti hapo mtazame na mikono, maana ni haki yenu.

Jones alikuwa anakosa makonde, msidhani hakukosa. Ila aliporusha likapita, yeye alikuwa ameshaondoka kabla mwenzake hajatambua kwamba limepita. Hicho ndicho kipaji, na simwonei haya mtu anayekisifia. Nami nakisifia.

Sasa rudisheni gazeti kwenye skrini na mtafute Hopkins na Felix Trinidad, Septemba 29, 2001, Madison Square Garden, New York. Trinidad alikuja hajapigwa na mtu, kijana wa miaka 28, na Hopkins ana 36. Miguu ya Hopkins haivutii macho. Hatua ndogo, hatua ndogo, robo ya mzunguko. Lakini angalieni kinachotokea anaporusha la kulia likakosa: mguu wa nyuma umeshamfuata, magoti yamekunjwa, kichwa kiko chini ya kwapa la Trinidad, na mikono ya Trinidad imebanwa haina la kufanya. Refa anakuja kuwaachanisha, Hopkins anarudi umbali ule ule alioutaka, pambano linaanza upya kwa masharti yake. Raundi ya 12 Trinidad alikwenda chini na kona yake ikaingia kumtoa.

Kwa hiyo nikiulizwa kipaji na ufundi vinatofautianaje, jibu langu ni kwamba konde likipata, siwezi kukuambia limetokana na kipi. Likikosa ndipo naona. Hopkins alikuwa anakosea mahali salama. Jones alikuwa anakosea mahali pa hatari, halafu mbio zake zinamtoa.

Na siku mbio zilipopungua? Machi 1, 2003 Jones alipanda mpaka uzito wa juu, akapima paundi 193 dhidi ya John Ruiz mwenye 226, akamshinda kwa pointi. Tangu Bob Fitzsimmons mwaka 1897 hakuwa ametokea bingwa wa zamani wa uzito wa kati aliyechukua ubingwa wa uzito wa juu. Kisha akarudi chini kwenye paundi 175, yaani akajikamua kilo kama nane za nyama na si za mafuta, akamshinda Antonio Tarver kwa taabu Novemba mwaka huo huo. Walirudiana Mei 15, 2004. Refa anatoa maelekezo katikati ya ulingo, anauliza kama kuna mwenye swali, Tarver akasema analo: leo Roy ana kisingizio gani? Raundi ya pili Jones akaingia na la kulia, na la kushoto la Tarver likamlaza. Septemba Glen Johnson naye akamlaza raundi ya tisa.

Watu walisema kidevu chake kimekuwa cha kioo ghafla. Mimi sikubali. Kidevu kilikuwa pale pale nje kilipokuwa siku zote, ila zamani hapakuwa na mtu wa kukifikia. Alikuwa na miaka 35. Hopkins katika umri unaokaribia huo ndiyo kwanza alikuwa anampiga Trinidad. Mei 21, 2011, akiwa na miaka 46, alimshinda Jean Pascal kule Montreal akawa mtu mzima kuliko wote kutwaa ubingwa wa dunia, na akiwa na 48 akamvua Tavoris Cloud mkanda mwingine.

Ila futeni kabisa hilo la kwamba Jones hakuhitaji kufundishwa. Baba yake, Roy Jones Mkubwa, alikuwa kocha wa ngumi pale Pensacola, na alimlea mtoto kwa mkono mzito kuliko ambavyo mimi ningethubutu. Jones alikuwa anajua kanuni zote anazozivunja. Na Hopkins msimfanye mzee dhaifu mwenye akili tu: mwili wake aliutunza hakunywa pombe, na kambi haikuwahi kumkuta mnene. Kuna wanaosema vivyo hivyo juu ya Mike Tyson, kwamba ni nguvu tupu. Nguvu tupu gani? Kocha Cus D'Amato alimchukua akiwa mtoto, akamfundisha kuweka ngumi mashavuni na kutikisa kichwa kushoto kulia kila anapopiga hatua, mpaka mtu wa sentimita 178 akawa anaingia chini ya mikono ya majitu. D'Amato alifariki Novemba 1985, Tyson akawa bingwa Novemba 1986 akiwa na miaka 20. Mtazameni Tokyo, Februari 1990, usiku aliopigwa na Buster Douglas: kichwa kimesimama. Nguvu zilikuwepo.

Uamuzi wangu, kwa kuwa mmeuomba: kwa usiku mmoja tu, nipeni Jones wa 1994, wala sitauliza mpinzani ni nani. Kwa mtu wa kumwonyesha kijana anayeanza, Hopkins, kwa sababu nikimwambia kijana aruke kama Jones namtuma hospitali. Rudishianeni kahawa.

Kocha, mwanangu ana miaka 14. Ni mwepesi sana, shuleni hakuna anayemshika kwa mbio. Ameanza ngumi, lakini kocha wake hajamvika glovu. Kila jioni ni kumtembeza tu kwenye mstari wa chaki. Mtoto amechoka anataka kuacha. Je, hawampotezei muda na kipaji chake? — Mama wa bondia, Nakuru

Mama, mshukuru huyo kocha, na ukiweza mpelekee chai.

Nikueleze mstari ule ni wa nini, maana ukiutazama kwa nje unaonekana adhabu. Mguu wa kushoto unakaa upande mmoja wa chaki, wa kulia upande wa pili na nyuma kidogo, kisigino cha nyuma kimeinuka. Akienda mbele, wa mbele unatangulia. Akirudi nyuma, wa nyuma unatangulia. Akienda kulia, wa kulia. Miguu haipishani na haigusani, hata mara moja. Kocha akipita ubavuni anamsukuma bega ghafla, bila kumwambia. Kama mtoto ameyumba, wanaanza tena. Baadaye watafunga kamba ya kawaida kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa mabega yake, naye atasonga mbele akipita chini yake kushoto, kulia, kushoto, kwa kukunja magoti, si kwa kuinamisha kiuno. Macho yanabaki mbele. Mtoto anayeinamisha kiuno anatazama viatu vyake, na huko ndiko ngumi inakotokea.

Na mtoto mwenye mbio ndiye anayehitaji mstari kuliko wenzake. Mzito akikosea mguu anaanguka, anajifunza leo. Mwepesi akikosea anajiokoa kwa wepesi, kwa hiyo kosa linakaa naye miaka mpaka akutane na mwepesi mwenzake.

Mwambie kijana habari za Vasiliy Lomachenko wa Ukraine. Baba yake, Anatoly, ndiye aliyekuwa kocha wake, na alipokuwa mdogo alimsimamisha ngumi kwa muda akampeleka kucheza ngoma za asili za kwao, miguu ipate adabu. Mtoto hakupenda. Alikuja kuchukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 na tena 2012, na katika ngumi za ridhaa, mapambano karibu 400, alipoteza moja tu. Halafu waulize wazee wa hapo kwenu juu ya Philip Waruinge. Olimpiki ya Mexico 1968 alirudi na shaba, lakini kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia fundi kuliko wote wa michezo ile, lilikwenda kwake na si kwa mwenye dhahabu yoyote. Munich 1972 akaongeza fedha.

Unachotakiwa kumuuliza kocha si lini glovu, ni haya: mtoto atapimwa na daktari kabla ya kuanza kuzichapa na mwenzake? Kofia ya kukinga kichwa ipo? Atapangiwa na mtoto wa uzito wake au na kaka mtu mzima? Akikujibu vizuri, mwache aendelee na chaki yake. Akijibu kwa ukali, tafuta kocha mwingine.

Assalaam alaykum Kocha. Mimi niko Maskati, wazee wangu ni wa Unguja. Ujana wangu wote nilikuwa mtu wa Prince Naseem. Mikono chini, anacheza, anaruka, watu wanalala. Baba alikuwa akiniambia yule hana ufundi, na siku ya Barrera alinicheka sana. Kweli hakuwa na ufundi? — Msomaji, Oman

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mzee alikuwa na haki ya kucheka lakini sababu yake haikuwa sahihi. Naseem Hamed, mtoto wa Wayemeni aliyekulia Sheffield, Uingereza, alifundishwa na Brendan Ingle tangu utotoni, na ukumbi wa Ingle ulikuwa maarufu kwa mistari iliyochorwa sakafuni. Ndiyo, mistari, kama ile ya mama wa Nakuru hapo juu. Vijana wa pale walizunguka juu yake wakibadilisha miguu, kushoto mbele, kulia mbele, mpaka wasijue wao ni wa mkono gani. Kule kuyumba kwa Naseem unakokukumbuka kulikuwa somo la darasani.

Kilichotokea ni kwamba mikono yake ilikuwa na nguvu za ajabu kwa mtu mwepesi vile, na mtu anayelaza kila anayemgusa huacha kufanya kazi zile ndogo ndogo. Aliachana na Ingle miaka ya mwisho ya tisini. Alipofika mbele ya Marco Antonio Barrera, Aprili 7, 2001 Las Vegas, alikuwa anatafuta konde moja tu. Barrera, ambaye watu walimjua kwa kuvamia, usiku ule hakuvamia. Alikaa nyuma ya jebu, akamwacha Naseem aruke, akamngoja atue, akamgonga la kushoto, akatoka. Raundi 12 za hivyo. Katika ile ya mwisho alimshika kichwa akakibamiza kwenye pedi ya kona, refa Joe Cortez akamkata pointi, na haikubadili kitu. Naseem alipanda ulingoni mara moja tu baada ya hapo, akaacha ngumi na rekodi ya kushinda 36 na kupoteza hilo moja.

Jambo Kocha. Ninaandika toka Lubumbashi. Baba yangu anasema mu 1974 kule Kinshasa Ali alishinda Foreman juu ya akili, si juu ya ngumi, alilala tu ku kamba mupaka Foreman akachoka. Ni vile? — Msomaji, Lubumbashi

Jambo sana. Baba amesema vizuri, ila kulala kwenye kamba kuna kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani, na raundi ya kwanza kila mtu anaisahau. Tazama tena ile ya Oktoba 30, 1974 tangu kengele ya kwanza. Ali hakulala. Alitoka katikati akaanza kumpiga Foreman la kulia moja kwa moja, bila jebu. Kwa bondia wa mkono wa kulia hilo ni konde la safari ndefu, mtu wa kiwango cha dunia hategemei kupigwa nalo la kwanza. Foreman, miaka 25, ushindi 40 bila kupoteza, 37 kwa KO, yaani kwa kumlaza mpinzani, alikasirika. Ndicho Ali alichotaka.

Kisha kamba. Ali wa 1964 aliyemvua Sonny Liston ubingwa asingehitaji kamba, miguu yake ingemzungusha Foreman usiku kucha. Ali wa Kinshasa alikuwa na miaka 32 na alishakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu kwa kukataa jeshi. Miguu ilikuwa imepungua naye alijua. Kwa hiyo aliegemea nyuma mpaka kichwa kikawa nje ya ulingo, viwiko vikafunga mbavu, glovu zikafunga mashavu, na kila Foreman alipokaribia alimshika shingo akamning'inizia uzito wake wote. Kumbeba mtu wa kilo 98 kwa shingo, katika joto lile, huku unarusha makonde yanayogonga mikono tu! Raundi ya nane Ali akatoka kwenye kamba na makonde ya haraka, la kulia likammaliza.

Ninachokipenda zaidi katika habari hii ni Foreman mwenyewe. Alirudi ulingoni akiwa mtu mzima, mnene, mpole, na akawa anafanya kila alichokosa Kinshasa: hana haraka, anatembea polepole, jebu kwanza. Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, alikuwa anapoteza kwa pointi mbele ya Michael Moorer mpaka raundi ya 10, akaliona tundu, la kulia fupi, kwisha. Alivaa bukta ile ile aliyopigwa nayo na Ali. Na kwenye kona yake alisimama Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kona ya Ali Kinshasa.

Kocha mambo. Nina miaka 27, nabeba mizigo Kariakoo, gunia la kilo mia naliinua peke yangu. Washkaji wanasema nikipiga mtu atakufa. Nimechelewa kuanza ngumi? — Mbebaji, Dar es Salaam

Poa. Hujachelewa kujifunza, umechelewa kutarajia mkanda, hayo ni mambo mawili. Nguvu ya gunia inatoka mgongoni na inakwenda polepole. Ya ngumi inaanzia kwenye kidole gumba cha mguu, inapita kwenye nyonga, na mkono unafika mwisho ukiwa umelegea. Watu wa mizigo wanaokuja kwangu hukaza mabega tangu kengele inalia, na ndani ya raundi moja hawana pumzi ya kusema jina lao. Hilo linarekebishika, linataka subira. Washkaji waache na vifo vyao.

Pitia hospitali kwanza, upimwe presha, macho na kifua, uje na karatasi. Asubuhi kabla ya kwenda sokoni kimbia taratibu, usishindane na bodaboda. Mazoezi kwetu ni jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Njoo na raba zenye soli nyembamba.